Mbele ya nini? Tshangalele na neno "kurudisha"



Kuna andiko moja ambalo sisi watu wa Likasi tunalipenda, na mimi mwenyewe nimeliandika zaidi ya mara moja. Linaanza na foto: jua la jioni juu ya ziwa Tshangalele, mtumbwi mmoja, mvuvi amesimama na upondo mkononi, maji yametulia. Chini ya foto yanafuata maneno: urithi wetu, asili yetu, tuilinde, turudishe Tshangalele ya zamani. Utalikuta katika ripoti za miradi, katika hotuba za siku ya mazingira, katika utangulizi wa kazi za mwisho wa masomo, zile tunaita memwari. Leo nataka kulikosoa. Waandishi wake hawana nia mbaya, wengi ni rafiki zangu. Lakini linasifu kitu ambacho hakikuwepo, na wakati linasifu, vitu ambavyo vipo vinabaki nje ya foto.

Nianze na hilo neno "kurudisha", maana hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Nilipokuwa nafanya memwari yangu nilishuka Kapolowe na karatasi za maswali. Swali moja lilikuwa: hali ya ziwa ilikuwa namna gani zamani? Nikamkuta mzee mmoja chini ya muti, anashona wavu wake. Nikamuuliza kwa Kiswahili chetu: "Papa, mbele, ziwa ilikuwaka namna gani?" Akanyanyua kichwa. "Mbele ya nini, mwana?" Nikasema mbele tu, zamani. Akacheka. "Mbele ya baraji, ziwa haikukuwaka hapa. Ilikuwaka muto na majani. Bantu balikuwa banapita na miguu." Kiisha akarudia wavu wake. Na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nikaandika kwenye karatasi: hakujibu swali.

Mzee alikuwa amejibu kuliko wote niliowauliza siku ile. Tshangalele ni ziwa lililotengenezwa. Union Minière ilihitaji umeme kwa viwanda vyake vya shaba, na pale Mwadingusha mto Lufira unaanguka kwa nguvu. Wabelgiji waliyaita maporomoko yale Cornet, na kituo cha umeme wakakiita Francqui. Jules Cornet na Émile Francqui walifika Katanga katika safari moja, miaka ya 1891 na 1892, mmoja akisoma mawe, mwingine akiwa askari. Baadaye mmoja akapewa maporomoko na mwingine akapewa mitambo. Baraji ikajengwa, kituo kikaanza kutoa umeme mwaka 1930, na nyuma ya ukuta maji yakalala juu ya bonde. Ziwa halina kina kirefu, lakini limetanuka: kilomita za mraba mia nne hivi, likipanda na kushuka kufuatana na mvua na kufuatana na mitambo.

Sasa nikisoma "turudishe Tshangalele ya zamani", nauliza kama yule papa: mbele ya nini? Tukirudi nyuma ya 1930, ziwa linakauka na mvuvi wa kwenye foto anabaki amesimama katika majani. Tukirudi 1960, tunakuta Union Minière na moshi wake. Tukirudi miaka ya 1970, tunakuta Gécamines, iliyorithi yote baada ya serikali kuchukua Union Minière mwaka 1967, na maji machafu yanateremka vile vile kutoka Likasi. Hakuna mwaka ambao unaweza kuuweka kidole na kusema: hapa Tshangalele ilikuwa safi na kamili, turudi hapa.

Msinielewe vibaya. Kuna sehemu ambapo neno hilo linafaa. Kule Gazi, pwani ya Kenya, katika Kwale, watu walikata mikoko miaka mingi, na baadaye vijiji vya pale vikaanza kuilinda na kuipanda upya. Tangu 2013 mradi wao, Mikoko Pamoja, unauza hewa ya ukaa inayotunzwa na miti ile, na fedha zinaingia katika maji ya kijiji na shule. Pale kuna kitu cha kurudisha: mkoko ulikuwepo, ulikatwa, wazee wanaonyesha ulikosimama. Tatizo langu ni kwamba lugha ya pwani ya namna hiyo imesafirishwa mpaka kwetu katika ripoti, ikavishwa ziwa la baraji, na hakuna aliyeangalia kama nguo inaenea.

Angalia majina makubwa ambayo bonde letu limepewa. Mwaka 1982 UNESCO iliingiza bonde la Lufira katika orodha ya hifadhi za biosfera. Mwaka 2017 bonde la Lufira likaandikwa chini ya mkataba wa Ramsar, kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Ni heshima, sikatai. Pia kuna ndege wetu, mdogo wa manjano, wa jamii ya mnana, ambaye mtafiti Mbelgiji aitwaye Ruwet alimkamata hapa mwaka 1960. Alibaki sandukuni zaidi ya miaka 20. Ni katika 1982 ile ile ndipo wataalamu waliandika kwamba ni aina ya peke yake, wakamwita Ploceus ruweti, na ikabidi kungoja mpaka 2009 watu wa sayansi wamwone tena akiwa hai. Tunamjua kutoka Tshangalele na maeneo oevu ya Lufira. Wapenda ndege duniani wanalijua ziwa letu kwa sababu ya gramu zake chache.

Nampenda ndege huyu. Lakini soma namna anavyoandikwa, kiisha soma namna mvuvi anavyoandikwa, mara nyingi katika ukurasa mmoja. Ndege ana jina, ana mwaka wa kugunduliwa, ana chakula chake, mti anaoutaka, miezi anayojenga kiota. Mvuvi anaitwa "shinikizo la watu". Au "jamii husika". Au, akiwa na bahati, "mdau". Anatajwa pale tu anapokata mti, anapotumia wavu wa matundu madogo, anapochoma majani. Ndege amekuja kuishi pembeni ya maji ya baraji na anaitwa wa asili. Mtu amekuja kuishi pembeni ya maji yale yale, babu yake alikuwa pale, na anaitwa mvamizi. Mbona mizani ni miwili?

Wenzangu wa historia watanijibu kwamba kambi za wavuvi si urithi, kwa kuwa watu walikuja kutoka pande nyingi, Basanga, Balamba, Baluba, Babemba, wakafuata samaki na soko la watu wa migodi. Urithi wa kweli, watasema, ni chumvi ya Mwashya, ambayo watu waliichota na kuifanyia biashara muda mrefu kabla ya Mzungu. Ni tanuri za Basanga. Ni misalaba ya shaba. Nakubali kwamba hivyo ni urithi, na kwa kweli tumevitunza vibaya. Mwashya peke yake ingestahili andiko zima: katika chemchemi zile za chumvi anaishi perege ambaye jina lake la kisayansi, Oreochromis salinicola, maana yake ni mkaaji wa chumvi, na haonekani sehemu nyingine yoyote duniani. Nani kati yetu alifundishwa hilo shuleni Likasi?

Lakini hoja ya kwamba kilichotengenezwa juzi na watu wa mchanganyiko si urithi, hatuwezi kuitumia sisi. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021, na gitaa halikuota katika shamba la mtu. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey hapa hapa Likasi mwaka 1952, wakati mji unaitwa Jadotville, mji wa watu waliotoka kila upande kuja kufanya kazi ya kampuni. Hakuna anayemwambia Mwenda kwamba vidole vyake havikuwa vya asili. Ziwa na muziki ule ni wa rika moja. Kama kimoja ni urithi, kingine kinakataliwa kwa sheria gani?

Kitu gani hasa ni urithi pale ziwani? Mimi nasema ni ujuzi wa kuishi na maji yanayoshuka kwa amri. Mvuvi wa ziwa la asili anasoma mawingu na upepo. Mvuvi wa Tshangalele anasoma mawingu, upepo na baraji. Anajua kwamba mvua za kuanzia Novemba zitapandisha maji, na anajua pia kwamba kule Mwadingusha kuna mtu anayefungua na kufunga, ambaye hamjui na hatamwona. Anajua sehemu ambapo matope yatabaki wazi maji yakishuka, wapi perege watazaa katika maji mafupi, wapi kambale watajificha kwenye mafunjo, njia ipi ya mtumbwi itakufa mwezi wa tisa. Wanawake wanajua kuni ipi inatoa moshi wa kukausha bila kuchoma, na samaki gani atafika Lubumbashi na gani ataoza Likasi. Ujuzi huu una miaka karibu 100. Haupo katika memwari yangu hata mstari mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeenda kutafuta "zamani".

Na sasa nifike kwenye kitu kikubwa ambacho foto inakiacha nje. Geuza kamera kutoka jua la jioni, iangalie Likasi. Mito Panda na Buluo inapita karibu na viwanda vya shaba na kobalti, kiisha maji yake yanaenda ziwani. Tangu miaka ya 1920 kile ambacho kiwanda hakikukitaka kimeteremka na maji. Baraji inasimamisha maji, na kila kitu kizito kilichobebwa na maji kinalala chini. Shaba haiozi. Kobalti haiozi. Matope ya Tshangalele ni daftari ya miaka yote hiyo, na maji yakishuka au mvua ikipiga, kurasa zinafunguka.

Hili si uvumi wa sokoni. Mwaka 2009 timu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Leuven, ilichapa utafiti unaoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga, hasa wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2010 watafiti wa Lubumbashi tena walichapa kazi juu ya Lufira ya juu, wakapima shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu, urani na nyingine katika mnyororo mzima wa chakula wa maji yale, mpaka samaki. Kazi nzuri, za watu wetu. Ninazisifu na ninazikosoa kwa pumzi moja: ya kwanza imechapwa kwa Kiingereza, ya pili kwa Kifaransa, na sijawahi kukuta mtu wa Kapolowe aliyesomewa hata ukurasa mmoja.

Juu ya hilo niwaambie mkutano wangu wa pili siku ile. Mama mmoja alikuwa anapasua samaki, wadogo anawaweka upande, wakubwa anawatoa matumbo. Nilimuuliza maswali yangu 20. Alipomaliza kujibu akaniuliza moja: "Mwana, wanasemaka samaki ya ziwa iko na sumu ya Likasi. Ni kweli? Batoto banakula hii kila siku." Nikamjibu kwa maneno ya mtaalamu, kwamba inategemea. "Inategemea na nini?" Nikasema nitarudi na majibu. "Utarudia?" Nikasema ndiyo, mama. Nilipata alama nzuri. Sikurudi.

Kilichokuwa cha kumwambia kilikuwepo tayari, na si kigumu. Shaba inakaa zaidi katika ini na matumbo ya samaki kuliko katika nyama. Kwa hiyo kumtoa samaki matumbo na kuosha vizuri kuna maana, na wale wadogo wanaokaushwa na kuliwa wazima wanahitaji kuangaliwa kuliko wakubwa. Mama alikuwa anafanya nusu ya kazi bila kuambiwa na mtu. Nusu nyingine ningeweza kumpa kwa dakika mbili. Haitaondoa uchafu, hiyo si kazi ya kisu cha mama. Lakini ni tofauti kati ya mtu anayejua na mtu anayebahatisha na watoto wake.

Badala yake, tunachompa ni katazo. Kila mwaka wakati wa mvua uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Sababu ni nzuri, mvuvi mwenyewe anaielewa, wengi walijua miezi ya kuzaa kabla ya afisa kuja. Lakini sikiliza namna watu wanavyosema: "ziwa imefungwa." Kwa nani? Mtumbwi umefungwa. Wavu umefungwa. Mto Buluo haujafungwa, unateremka Krismasi na Mwaka Mpya. Ripoti nilizosoma zina kurasa nyingi juu ya matundu ya wavu, na juu ya maji ya kiwanda zina aya moja, tena katika sauti ya kupita: "maji yalichafuliwa", "metali ziliachiliwa". Zilijiachilia? Katika sarufi ya ripoti zetu mvuvi ni mtendaji siku zote, na kiwanda hakitendi kitu.

Vile vile baraji. Kituo cha Mwadingusha kilichoka, mitambo ikabaki kufanya kazi nusu, kiisha kikatengenezwa upya kwa mkataba kati ya SNEL na watu wa mgodi wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi. Mitambo sita, megawati 78 hivi, kazi ikakamilika 2021, mwaka ule ule mgodi ulipoanza kutoa shaba. Basi ziwa liliumbwa kwa ajili ya shaba ya Likasi, na baada ya miaka 90 limepewa maisha mapya kwa ajili ya shaba ya Kolwezi. Sisemi ni vibaya, umeme tunautaka wote, na wengi wenu mnaosoma hapa mnakula mshahara wa migodi. Ninachosema ni kwamba huo ndio mradi mkubwa wa kulifufua ziwa uliofanyika katika maisha yetu, na katika maandiko yetu ya urithi na mandhari hautajwi. Tunaandika juu ya kupanda miti 500 pembeni, na hatuandiki juu ya mkono unaoamua pembeni ni wapi. Maji yakipanda, miti ile inakuwa ndani ya ziwa. Yakishuka, inabaki mbali na ziwa. Nimeona miche iliyokufa kwa namna zote mbili.

Kwa nini nasisitiza neno urithi, na siachi tu nizungumze juu ya maji machafu? Kwa sababu neno hilo likitumiwa sawa lina nguvu ya kisheria, na kuna ndugu zetu walioitumia. Lamu mnaijua, mji wake wa kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa nyumba zake za mawe na milango yake. Serikali ya Kenya ilipoanza kujenga bandari kubwa kule, wavuvi wa Lamu walienda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliwapa haki: wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Kitu cha kuangalia ni sababu zake. Majaji hawakusimama kwenye mazingira peke yake. Walisema haki ya watu kupata habari ilivunjwa, na haki ya utamaduni pia ilivunjwa, kwa maana uvuvi wa watu wale, namna zao za kuvua na sehemu zao za kuvua, ni utamaduni. Yaani pale Lamu, penye mawe yanayotembelewa na watalii wa dunia nzima, kilichotetewa kortini kama utamaduni kilikuwa wavu na njia ya mtumbwi.

Tofauti kati ya Lamu na Kapolowe ni kubwa. Lamu ni bahari, uvuvi wake una karne nyingi, na katiba ya Kenya ya 2010 iliwapa mlango. Tena fedha zilizotajwa na korti na fedha zinazofika mkononi ni hadithi mbili. Lakini mantiki inaweza kusafiri. Kama uvuvi wa Tshangalele ni "shinikizo" tu, mtu akipunguza maji au akiyachafua hana wa kumlipa, ameondoa shinikizo. Kama ni utamaduni, basi amevunja kitu cha mtu. Ndiyo maana nawaomba tuwe waangalifu na foto zetu. Kila tunapoandika "asili" juu ya ziwa hili, tunamsaidia bila kujua yule atakayekuja kusema kwamba wavuvi hawana haki pale kwa sababu wao si wa asili.

Mnaweza kuniuliza nataka neno gani badala ya kurudisha. Kiswahili chetu kinalo. Tunasema kutengeneza. Fundi anatengeneza kiti kipya, anatengeneza pia kiti kilichovunjika, na mama anatengeneza chakula. Neno halikudai urudi popote. Linauliza tu: unatengeneza nini, na kwa ajili ya nani akikalie? Tshangalele ilitengenezwa mara ya kwanza kwa ajili ya tanuri. Inaweza kutengenezwa mara ya pili huku mvuvi akiwa mezani siku ya kupanga kiwango cha maji, huku mtu wa kiwanda akiandikwa kwa jina katika sentensi inayosema nani alimwaga nini, na huku yule ndege wa manjano akihesabiwa na watoto wa Kapolowe wanaomwona kila asubuhi. Hao wangemhesabu vizuri kuliko mgeni wa wiki mbili, naamini.

Nina pendekezo dogo kwa ukurasa huu. Kati yetu kuna watu wasiopungua kumi ambao waliandika memwari juu ya Tshangalele, Lufira au Kapolowe: kemia, kilimo, jiografia, afya, hata sheria. Nawajua, tulikopeshana vitabu. Kila mmoja aandike karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili cha kwetu, ya kile alichokikuta. Bila utangulizi wala shukrani kwa mkuu wa kitivo. Tuzichape, twende nazo sokoni Kapolowe kabla mvua hazijafunga ziwa, na tuzisome kwa sauti, kwa maana si wote wanasoma. Watatuuliza maswali ambayo jopo la walimu halikutuuliza.

Ya kwangu nimeianza wiki hii. Iko na mistari kumi na moja na nimekwama kwenye wa nne. Memwari yangu kwa Kifaransa inasema kwamba kiasi cha kobalti kilipita kipimo kinachokubaliwa. Nilipoiandika kwa Kiswahili nikaisoma kwa sauti, nikasikia kabisa yule mama, kisu mkononi, ananiuliza: kinachokubaliwa na nani? Kama mmoja wenu wa kemia au wa afya ana namna ya kuisema vizuri, anitumie.